Muuza Nyama Aliyekonda

Mwaka 2004, mtu wa Kitengela alikuwa na sababu moja tu ya kukonda, na sababu hiyo haikutajwa kwa jina. Watu waliiita "ule ugonjwa", au walitazama chini wakabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo Musila, mwenye bucha pale Noonkopir, alipopoteza kilo ishirini na sita kati ya Januari na Septemba, hakuna aliyemuuliza amefanyaje. Walimpa pole.

Yote yalianza na buti. Musila alikuwa mtu wa kilo mia moja na kumi na nne, na buti zake za mpira alizovaa buchani zilinunuliwa siku ambazo miguu yake ilikuwa myembamba. Buti la kulia likamchubua kidole cha mwisho. Kidonda kilikuwa kidogo, cha kumfanya mtu mzima aone haya kukitaja. Lakini miezi mitano baadaye kilikuwa bado kipo, kibichi, na harufu yake haikuwa ya nyama ya bucha. Phylis, mkewe, ndiye aliyemvuta mpaka hospitali ya Kajiado.

Daktari alimdunga kidole cha mkono, akatazama kimashine chake, kisha akamdunga kidole kingine kama kwamba kile cha kwanza kilikuwa kimesema uongo.

"Mzee, sukari yako iko kumi na tisa."

"Hiyo ni mingi?"

"Ni mingi. Nitakupea dawa, lakini dawa pekee haitoshi. Punguza huu mwili. Punguza ugali, chapati, soda. La sivyo mwaka ujao tutaongea mambo ya huu mguu."

Musila hakuhitaji kufafanuliwa. Kaka yake Mwanzia, mkulima wa nyanya kule Illasit, alikuwa ameongea mambo ya mguu wake mwaka 1998, na mazungumzo yakaishia juu ya goti. Tangu siku hiyo Mwanzia alinyunyizia nyanya zake akiwa amekaa kitini, kwa kuwaelekeza vibarua kwa fimbo na matusi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema wahenga. Mwanzia alikuwa amesikia vizuri sana, ila alipenda chai yake na vijiko vitano.

Na kulikuwa na Kaluki. Kaluki alikuwa binti yake wa pekee, mwalimu wa nasari, na kwa kuwa alipewa jina la mama mzazi wa Musila, baba yake hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Mwaitu, yaani mama yetu, na alimwogopa kidogo kama anavyoogopwa mama. Kaluki alikuwa ameposwa na Melvin, kijana wa familia ya Nalianya, na harusi ilikuwa Desemba. Tangu mwanzo alikuwa ametoa agizo moja tu.

"Baba, mimi sitaki kuletwa na anko. Utanipeleka wewe, na kwa miguu yako."

Kutoka mlango wa kanisa mpaka madhabahuni ni hatua sitini. Musila alikuwa amezipima Jumanne moja kanisa likiwa tupu, huku akijifanya anatafuta kofia yake.

Mwongozo wa kukonda aliupata kwenye gazeti, na si kwamba alikuwa msomaji. Alikuwa anamfungia mteja matumbo kwa gazeti kuukuu ndipo macho yake yakaangukia habari ya watu wa ng'ambo walioacha kabisa vyakula vya wanga, wakala nyama, mayai na mboga za majani, na siku nyingine wakafunga mpaka jioni, nao wakapungua kilo kwa makumi. Musila alimfungia mteja matumbo yake kwa ukurasa mwingine. Habari yenyewe ilikatikia katikati ya sentensi, ikamwelekeza msomaji aende ukurasa wa ishirini na tatu. Ukurasa wa ishirini na tatu ulikuwa umeshaenda nyumbani na mbavu za mtu. Musila akabaki na maelezo kamili ya jinsi ya kuanza, bila neno hata moja kuhusu pa kuishia.

Kwa mtu mwenye bucha, ushauri wa kula nyama ulionekana kutoka mbinguni moja kwa moja. Asubuhi alikula maini na chai isiyo na sukari, na mchana nyama na sukuma wiki. Jioni ilikuwa vilevile, labda na yai. Jumatano na Ijumaa hakula kitu mpaka saa kumi na mbili jioni, akanywa maji tu. Jumatano ya kwanza aliona wateja wawili mahali palipokuwa na mmoja, akawakatia wote. Daktari wa Kajiado aliposikia alimgombeza vizuri sana kwa kufunga huku anameza vidonge bila kusema, akampangia upya saa za dawa, akamwamuru awe anakuja kupimwa kila wiki mbili. Musila alitii, maana alikuwa ameogopa.

Aliyeumia zaidi ni Phylis. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amempikia mume wake muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, pamoja na maharagwe, na muthokoi wake ulisifiwa mpaka Machakos. Sasa sufuria ilikaa mezani na mume akachota maji tu.

"Sasa mimi napikia nani?" aliuliza.

"Pika tu. Nitanusa."

Phylis hakucheka. Aliufunika muthokoi kwa sahani na kwenda kulala na hasira. Mapenzi yake yote yalikuwa ndani ya ile sufuria, na hakuwa na chombo kingine cha kuyawekea.

Mwezi wa pili mshipi ulihitaji tundu jipya, na mwezi wa nne ukahitaji mshipi mwenzake. Shati likawa linamzunguka. Na kidonda cha kidole kilianza kukauka pembeni, kikavuka mpaka katikati, mwisho kikafunga. Kila asubuhi Musila alikaa kwenye kigoda cha jikoni akakitazama kidole hicho kama mtu ambaye ng'ombe wake amezaa usiku. Alifurahi mpaka akawa anajichekea peke yake njiani, jambo ambalo nalo halikumsaidia.

Maana mji ulikuwa unatazama, na macho hayana pazia. Tumbo la muuza nyama ndilo ubao wake wa matangazo, na ubao wa Musila ulikuwa umeteremshwa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na bucha ya Ndung'u, ambaye shingo yake ilishahama siku nyingi bila kuacha anwani. Wateja wa Musila walimsalimia kwa sauti kubwa, ya huruma, kisha wakavuka kwenda kwa Ndung'u. Wachache waliobaki walitaka wakatiwe na Phylis. Mama mmoja aliomba hata kisu kibadilishwe. Musila akakibadilisha, na jambo hilo lilimuuma wiki nzima.

Kisha kanisa likagundua kwamba anafunga. Mtu anayeuza nyama na kufunga Jumatano na Ijumaa, wakasema, ana mzigo ambao Mungu peke yake anaujua. Waruguru, mwenyekiti wa akina mama, hakukubali ndugu aubebe mzigo peke yake. Jumamosi moja walikuja watu kumi na watano, wakiimba kuanzia getini, na kwa kuwa mgonjwa haendewi mikono mitupu, walibeba sukari kilo nne, mikate sita, unga pakiti mbili, mkungu wa ndizi, kreti ya soda na glukosi makopo matatu. Waliviweka vyote miguuni pa Musila. Alivitazama kama mtu anayetazama silaha zilizokamatwa.

"Ndugu zangu, asanteni," alisema. "Lakini mimi niko na kisukari tu."

Waruguru alimshika mkono kwa upole.

"Tunajua, baba. Hata marehemu Moses alikuwa na kisukari."

Chumba kizima kikaguna kwa masikitiko. Kitengela yote ilijua Moses alikufa kwa nini, na ilijua vilevile kwamba familia yake ilisema kisukari mpaka kaburini. Musila akaelewa siku ile kwamba ukweli wake umeshatumiwa na watu wengine ukachakaa, na yeye hana mwingine. Waliwekelea mikono kichwani pake, wakaomba kwa saa moja na nusu, na wakataka wamwone akinywa glukosi kabla hawajaondoka. Alisema amefunga. Hilo walilikubali.

Jioni ile Kaluki alimkuta jikoni.

"Baba, niambie ukweli. Ni ule ugonjwa?"

Musila alivuta kigoda. Alivua kiatu, akavua soksi, akaweka mguu juu ya kigoda. Kisha akatoa kadi ya Kajiado iliyoandikwa vipimo: kumi na tisa, kumi na nne, kumi, nane, saba. Kaluki aliisoma kadi yote, akakigusa kile kidole, halafu akalia kwa sauti, machozi na makamasi, kama mtoto wa nasari yake.

"Sasa mbona husemi?"

"Nimesema, Mwaitu. Waliniombea."

Uvumi hauna miguu, lakini ulifika kwa Nalianya kabla ya mwisho wa wiki. Nalianya alikuwa mhasibu wa kiwanda kimoja upande wa Athi River, mzaliwa wa Bungoma, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, na mwenye nyumba yake hapo Kitengela. Hakusema kitu kibaya. Alituma ujumbe kupitia kwa Melvin kwamba tarehe ya harusi "iangaliwe tena". Melvin, ambaye hakujua kudanganya, aliueleza ujumbe huo kwa Kaluki mpaka mwisho wake.

"Baba anasema tumeshapimwa, tuko sawa, hiyo haina shida. Shida ni matanga. Anasema harusi ikiwa Desemba na babako aende Januari, watu wataongea vibaya. Ni afadhali tungoje kwanza."

"Tungoje nini?" Kaluki aliuliza.

Kwa uungwana wote uliopo duniani, walikuwa wanangoja Musila afe.

Baada ya mashauri mengi ikaamuliwa wazazi wa bibi harusi waalikwe chakula cha mchana, Jumapili ya pili ya Oktoba, waione nyumba atakayoingia binti yao. Kila mtu alijua kinachokwenda kutazamwa si nyumba. Phylis alimnunulia mume wake shati dogo, ili asionekane amepungua ndani ya kubwa. Njiani Kaluki alimwambia neno moja.

"Baba, leo wakikupa ugali, kula. Tafadhali."

"Nitakula, Mwaitu."

Mezani kulikuwa na kuku wawili, mboga za kienyeji, na ugali wa wimbi uliopanda kama kichuguu. Nelima, mama yake Melvin, aliukata mwenyewe, akamwekea Musila bonge la kumtosha mwanamume wa kilo mia moja na kumi na nne. Juu ya kuku akamwekea firigisi, heshima ya mkwe. Kisha akaketi, akakunja mikono na kutazama. Shangazi wawili walitazama pia. Melvin alimtazama Kaluki.

"Kula ugali, baba," Nelima alisema. "Ndio nguvu irudi."

Musila akamega. Alikuwa hajagusa ugali tangu Januari. Alilikanda tonge kwa muda mrefu, akalichovya, akalimeza. Akala la pili. La tatu lilikuwa tamu mno, na kwa mara ya kwanza siku ile aliona uchungu wa kweli. Nelima alihema kidogo, akaonekana kusogeza harusi karibu kwa wiki moja au mbili.

"Mwanamume ni chakula!" Nalianya alinguruma, akafungua soda yake ya tatu. "Angalia mimi. Hamsini na nane, sijawahi lala hospitali hata siku moja. Wakati ulikuwa mnene, Bwana Musila, ulikuwa mtu wa kuheshimika."

Alinywa soda ikaisha, akaomba maji, akamaliza jagi, akainuka. "Nakuja," akasema.

Hapo ndipo Musila alipoacha kufikiria sahani yake. Ilikuwa mara ya nne. Walifika saa sita, na sasa ilikuwa saa nane kasoro, na mwenyeji wao alikuwa ametoka nje mara nne, kila mara baada ya maji, na kila mara aliporudi aliomba mengine. Alikuwa amefuta miwani yake mara nyingi pia, kama kwamba uchafu ulikuwa kwenye kioo. Chumba kizima kilikuwa kimekaa kikimchunguza mgonjwa, na mgonjwa alikuwa anaingia na kutoka mlangoni akisifia afya yake.

Musila aliogopa. Alikuwa na matonge matatu tumboni na harusi ya Mwaitu karibu mkononi. Angekaa kimya akamaliza bonge lake, Desemba ingekuwa Desemba. Kumwambia mwenye nyumba, siku ya kukaguliwa, kwamba ni yeye aliye mgonjwa, ni njia nzuri ya kurudi nyumbani na binti yako. Akamtazama Kaluki. Kisha akamkumbuka Mwanzia na fimbo yake kitini Illasit, akanawa mikono, akatoka.

Nalianya hakuwa amefika chooni. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, penye ua wa michongoma, anafunga zipu.

"Mzee, hapa ndio huja kila siku?"

"Bwana Musila," Nalianya alisema kwa ukali, "mtu akienda haja lazima atoe ripoti?"

"Angalia hapo chini."

Mstari wa sisimizi, mpana wa vidole viwili, ulitoka kwenye ufa wa ukuta ukapita mchangani mpaka chini ya ua, mahali pale pale palipolowa. Sehemu nyingine za ua hazikuwa na hata mmoja.

"Hata kwangu walikuja," Musila alisema. "Nikadhani ni mambo ya bucha. Kumbe walifuata sukari kwa mkojo."

Akaegemea ukuta, akavua kiatu na soksi, akakanyaga mchanga kwa mguu mtupu. Kidole cha mwisho kilikuwa kidogo kuliko wenzake, chenye kovu jeusi, bila ukucha.

"Hiki ndicho kilinikondesha. Walitaka kukata. Ndugu yangu walimkata mpaka hapa." Akaonyesha juu ya goti. "Ukitaka kuvunja harusi kwa sababu nimekwambia, vunja. Lakini nimeona umetoka mara nne."

Nalianya alitazama kidole, akatazama sisimizi. Sauti yake iliporudi ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine.

"Mguu wa kushoto siusikii," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Msumari uliingia kwa kiatu, nikatembea nao mpaka jioni. Nilijua tu nilipoona soksi iko na damu."

"Umeambia nani?"

"Nimwambie nani? Mimi ndio mzima hapa."

Kisha Musila akavaa kiatu chake.

Waliporudi, Nelima alikuwa amemwongezea mumewe ugali na kumfungulia soda ya nne. Nalianya aliketi. Akaisukuma sahani mpaka katikati ya meza, akaisukuma soda ikafuata.

"Toa hii. Sikuli ugali tena."

Hakuna msiba uliowahi kunyamazisha nyumba hiyo namna ile. Shangazi mmoja aliweka kuku wake chini. Nelima alimtazama mumewe, akamtazama Musila, akamrudia mumewe.

"Baba Melvin, huyu mtu amekufanyia nini huko nje?"

"Amenionyesha kitu. Harusi ni Desemba, isiguswe. Na kesho mimi na yeye tunaenda Kajiado."

Sukari ya Nalianya ilikuwa ishirini na mbili. Msumari ulikuwa umeacha kidonda chini ya unyayo, karibu na vidole, ambacho hakuna aliyewahi kukiona, yeye mwenyewe hakukisikia. Walimkata kidole kimoja, cha pili kutoka mwisho, na daktari akasema wangengoja mpaka Krismasi wangekata mengi. Baada ya hapo alikula alichokula Musila, kutoka bucha ya Musila. Nelima alimpikia huku akinung'unika, mpaka alipoelewa safari zile za nyuma ya nyumba zilikuwa za nini, na kwamba alikuwa karibu kumpoteza mume wake, ndipo akaenda mwenyewe kwa Phylis. Wake hao wawili walikaa jikoni mchana kutwa, wakala muthokoi sufuria nzima, bila kumwachia mtu.

Kufikia Desemba Nalianya alikuwa amepungua kilo kumi na moja, na Kitengela ikafikia uamuzi wake. Ule ugonjwa, ikasemwa, sasa unawapata hata wakwe. Ndung'u alichinja ng'ombe wawili badala ya mmoja. Waruguru alileta zawadi ya harusi mapema, glukosi katoni mbili, moja kwa kila baba.

Siku yenyewe, mlangoni mwa kanisa, Musila alisimama ndani ya suti ambayo ilikuwa imepunguzwa mara mbili na bado ilikuwa na nafasi ya mtu mwingine. Nalianya alikuwa ameegemea mkongojo kwenye benchi la mbele, shingo imeanza kuonekana. Minong'ono ilipita kutoka kiti hadi kiti, wala haikujificha.

"Mwaitu," Musila alisema, "unasikia vile wanasema?"

Kaluki aliinua shela yake kidogo. Akatazama viatu vya baba yake, vyeusi, vilivyopigwa rangi. Kisha akatazama mbele, polepole, mpaka kwenye viatu vya baba mkwe chini ya benchi.

"Miguu minne," akasema. "Nimehesabu, iko yote. Twende."